Sauti ya Masisi Kwenye Simu

Jumanne, mtaani Katoyi. Mvua imepiga mabati tangu asubuhi, na nimeishukuru, maana kelele zake zimenipa sababu ya kutoongea na mtu.

Jana niliibiwa. Ningependa kuandika hivyo na kuishia hapo, lakini mlango niliufungua mwenyewe.

Pesa zilizotoka kwenye konti yangu hazikuwa zangu. Zilikuwa za Mama Esperance, mjane wa mdogo wangu. Aliuza ng'ombe wake wa mwisho kabla hatujakimbia vita mara hii, akanipa pesa zao niziweke benki, kwa kuwa mimi ndiye mwenye konti na ndiye niliyesoma. Analala sebuleni kwetu. Ameshachagua mbao za nyumba yake kule Munigi, na mwenye mbao anamngojea.

Aliyepiga simu alisema ni mtu wa benki. Tangu mabenki yafunge milango hapa mjini, kila mwenye konti anangoja habari, nami nilikuwa nangoja kama wengine. Alianza kwa Kifaransa. Aliposikia matamshi yangu akahamia Kinyarwanda, si kile cha redioni, bali kile cha milima yetu ya Masisi, ambacho vijana wa mjini hutucheka tukikiongea.

Nilivuta kiti nikakaa.

Nilimwuliza anatoka upande gani. Akacheka: "Muzee, weye ndiye mukubwa, anza kusema." Nikaanza! Nikataja kilima, kanisa, daraja la miti, malisho ya baba. Kila nilichotaja aliitikia: "Ndiyo, muzee, ni pale pale." Leo nimeyarudia mazungumzo yote kichwani. Hakutaja hata jina moja kabla yangu.

Kisha akasema kwamba ili konti ifunguke, nimsomee namba iliyoingia kwenye ujumbe. Nikavaa miwani, nikamsomea taratibu, kama nilivyokuwa nikiwasomea wanafunzi imla.

Na nilijua. Hilo ndilo linaloniunguza. Siku si nyingi zilizopita, baada ya misa, niliwaeleza akina mama wa mtaani: namba ile ni ufunguo, benki yenyewe haiiombi, mtu akiiomba, kata simu, kisha piga wewe namba iliyoandikwa nyuma ya kadi. Mama Esperance alikuwa benchi la mbele.

Mimi namba ya kwenye kadi niliipiga baada ya ujumbe mwingine kunionyesha konti tupu. Benki wameifunga konti. Hawakuahidi kitu.

Mchana nimemwambia. Alikuwa anachambua maharage.

"Shemeji, weye? Muzee wa vitabu? Ulimusomea?"

"Nilimusomea."

"Mutu hata humujui?"

"Alikuwa anaongea kama kwetu."

Ameendelea kuchambua, kichwa chini. "Kwetu kulikuwa na wezi pia, shemeji. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Miaka yote hii ya kuhamahama nimekisafisha kile kilima kichwani mwangu hadi hakikubaki mtu mbaya hata mmoja.

Bado sijamwambia yote. Sijamwambia kwamba yule mtu, alipokwisha kupata namba, alitaka kuaga, na mimi ndiye niliyemzuia, nimweleze habari za ukungu wa asubuhi kule malishoni. Alinisikiliza kidogo. Kisha simu ikakatika.

Jioni hii imelia tena. Namba ileile. Mama Esperance ameitazama ikitetemeka mezani.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Utaitika?"

"Hapana," nimesema.

Mkono wangu ulikuwa umeshafika katikati ya meza.

Ameuona. Ameichukua simu, ameizima, ameifunga kwenye pembe ya kitenge chake, na amerudi kwenye sufuria yake.

Kesho nitatembea naye hadi Munigi. Kwa mwenye mbao nitasema mimi, si yeye, na sababu nitaitaja yote, na ukungu ndani yake. Simu itabaki kwenye kitenge.