Bortland ya Habaryar Kaltuma

Jumamosi, Garissa. Saa kumi na moja jioni na jua bado linachoma kana kwamba halina mpango wa kwenda kokote. Nimerudi kutoka Ifo sasa hivi, sijavua hata viatu, na kinywa changu bado kiko wazi.

Leo nimemfundisha mtu jambo alilokuwa analijua kuliko mimi.

Habaryar Kaltuma ni mdogo wake mama. Habaryar kwetu ndiyo mama mdogo, naye huniita mimi habaryar vilevile, ndivyo tulivyo. Mama aliolewa hapa Garissa. Habaryar alikimbia vita Somalia akaishia Ifo, kambi ya wakimbizi. Mtoto wake wa kwanza, Yusuf, alishikwa na buufis, ile homa ya kutamani ng'ambo ambayo kambini hakuna nyumba isiyoijua. Akapata nafasi, akaenda Marekani. Tangu hapo amekuwa sauti ya kwenye simu.

Idd moja alipochoka kumngoja, habaryar aliapa mbele yangu, tumekaa mkekani: wallahi, hatatoa tena ruhusa mtoto wake avuke bahari. Wachumba watatu wa ng'ambo walimjia Sahra, binti yake. Akawarudisha bila hata chai.

Halafu ikaja posa ya Liban wa Portland. Akakubali siku hiyohiyo. Sote tulibaki kutazamana.

Ndoa imefungwa, viza imetoka, Sahra yuko Nairobi na ndege ni Alhamisi. Juzi alinipigia. "Abaayo, dada yangu, wewe ni mwalimu wa historia. Mweleze mama ninakokwenda. Mweleze kila kitu, lakini usianze na Marekani. Mimi nimeshindwa."

Kumwambia mwalimu aeleze kila kitu ni kumfungulia mbuzi ghala. Nilisoma habari za Maine, jimbo lenye huo mji wa Portland, hadi nikaanza kulipenda.

Basi leo nikaketi na daftari langu, nikaanza. Jimbo liko pembe ya kaskazini mashariki ya nchi yake, nikasema, kama sisi hapa. Lina pwani ndefu iliyokatikakatika. Zamani lilikuwa chini ya jimbo jingine, makao makuu mbali, watu wakaona hawasikilizwi, wakapiga kura wakajitenga. (Massachusetts sikuitaja, nani angeitamka?) Habaryar akaitikia kwa kichwa. "Najua," akasema.

Nikamwambia wenyeji wa asili wanaitwa watu wa mapambazuko, kwa kuwa jua huwafikia wao kwanza. Akauliza wako wapi sasa. Nikasema wapo, wachache, na habari ya ardhi yao haijaisha mpaka leo. "Najua," akasema tena, lakini polepole.

Kuna jambo lililonishtua mwenyewe niliposoma. Jimbo hilo liliingia kwenye muungano kama jimbo lisilo na watumwa, likipimwa na jingine lenye watumwa ili mizani isawazike. Kumbe viwanda vyake vilikuwa vinafuma pamba iliyochumwa na watumwa walewale wa kusini. Niliposema hivyo habaryar aliacha kupepea mkaa.

Siasa alizipenda. Nilimweleza kwamba kwenye baadhi ya chaguzi mpiga kura huwapanga wagombea, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wa mkia akiondolewa, kura zake zinakwenda kwa waliofuata. "Kama wazee wakipatana," akasema. Nikasema, takriban.

Kisha nikafika kwenye kambakoche, wale kamba wakubwa ambao ndio fahari ya watu wa huko.

"Aargoosto!" akasema habaryar, ndilo jina letu la hao kamba, uso umemchanua. "Bortland ndiyo kwao. Bosaso wamejaa tele."

Bosaso iko Puntland. Puntland iko Somalia.

Sisi Wasomali herufi P hatunayo. Portland ikipita midomoni mwetu inakuwa Bortland, Puntland inakuwa Buntland, na kati ya hizo mbili huwezi kupitisha sindano. Ndiyo maana alikubali siku ileile! Miezi yote hii ameamini binti yake anarudi nyumbani, mahali anapoweza kumfuata kwa gari.

Na mimi nikafanya nini? Nikaendelea. Nayaandika haya kwa aibu. Niliendelea na minara ya taa, nikaendelea na viazi, nikafika kwenye theluji. "Barafu ya samaki," akasema. Nikaiacha ipite.

Ndipo akatoa mkebe wa nyirinyiri, nyama ya ngamia aliyoikausha na kuikaanga mwenyewe ikazama kwenye samli. Ya Sahra kula njiani, akasema, maana kutoka mpakani Mandera kwenda mbele ni mbali.

"Habaryar, ni Marekani!" Nilipiga kelele kama niko darasani. "Ni Marekani, ng'ambo ya bahari, kulekule kwa Yusuf!"

Hakushtuka. Alifunga mfuniko wa mkebe, akaupangusa kwa ncha ya mtandio.

"Unadhani sijui?" akasema. "Majirani zangu wawili wako hiyo Bortland. Theluji Yusuf amenitumia picha zake mpaka simu imejaa. Niliapa kwa Mungu, habaryar. Mtoto aliposema Bortland, nikaisikia ile ya Bosaso, nikashukuru nina masikio mabovu. Leo wewe umekuja kuyazibua."



Alikuwa anajua. Kila "najua" yake ilikuwa kweli. Alikuwa amejijengea kipenyo kidogo kwenye kiapo chake, upana wa herufi moja, ili binti yake apite. Nami nikaja na daftari nikakiziba.

Aliniambia nipige simu. Sahra alipopokea, habaryar hakumpa hata salamu. "Nimesikia," akasema. "Ni Marekani. Nenda." Upande wa pili kilio, kilio cha mtu aliyebeba kitu kizito muda mrefu. Habaryar akainua viganja akamwombea dua ndefu, nami nikaitikia amin huku machozi yananitoka.

Simu ilipokatika aliniuliza leo ni siku gani, ingawa anajua. Kiapo sasa kimevunjika, akasema, na kina kafara yake. Kulisha maskini kumi hana uwezo, kwa hiyo atafunga siku tatu: kesho, Jumatatu na Jumanne. Nikamwambia chakula cha hao kumi nitakitoa mimi. Nilimwomba kweli. Ifo kwenye joto hili, na umri wake!

"Mdomo ulioapa ndio utakaofunga," akasema, akanipa mkebe nimpelekee Sahra.

Uko hapa mezani ninapoandika. Kila nikiuangalia nashangaa upya. Sahra aliogopa kusema, mama yake aliogopa kusikia, na katikati yao nikawekwa mimi nisiyejua kunyamaza. Sijui kama nimewasaidia au nimewaumiza. Labda yote mawili.

Mfungo wangu hautahesabiwa kwenye kiapo chake, hilo nalijua bila kuuliza sheikh. Hata hivyo nimeshatega simu iniamshe saa kumi alfajiri, nile daku. Mdomo ulioeleza nao ufunge.