Theluthi Niliyoongeza

Jumatatu, 6 Januari 1997
Tumerudi kazini. Bwana Githinji, mkubwa wangu, amenikabidhi jedwali la ripoti ya gesi – ng'ombe, misitu na makaa ya kila tarafa tangu mwaka wa tisini. Kumbe ng'ombe akicheua hutoa gesi inayopasha dunia joto! Nilicheka peke yangu. Ng'ombe wa Baba wameingia katika mambo ya dunia nzima, naye hana habari. Ripoti itapelekwa ng'ambo mwezi ujao. Mimi ni karani tu, lakini jina langu litakuwa ukurasa wa nyuma: Ndindi Nyamai, takwimu. Nimejivuna kidogo.

Alhamisi, 9 Januari
Tarafa ya kwetu imenisumbua siku nzima. Ng'ombe wanapungua kila mwaka, na mwaka jana wameshuka karibu theluthi. Namba zinatoka kwa karani wa josho, anayeandika ng'ombe wanaoogeshwa dawa. Sasa nani kwetu anamwambia karani wa josho ukweli? Mifugo haihesabiwi. Ukihesabu umeita mikosi. Nikiwa mdogo niliwahesabu kwa kidole pale bomani, Baba akanizaba kofi – la kwanza na la mwisho maishani. Hata leo ukimuuliza ana ng'ombe wangapi atakujibu, "Wapo." Basi.

Nikamweleza Bwana Githinji kwamba watu wanaficha. Akasema wazee wa kwao pia wako hivyo hivyo. Akaniuliza tufanyeje. Nikasema tuongeze theluthi. Sawa, akasema, wewe ndiye unayewajua watu wako.

Nikaongeza. Mstari kwenye grafu umenyooka vizuri.

Jumanne, 14 Januari
Makaa ya Waithera! Debe la Jumamosi limeisha leo, na nilipika chai na ugali tu. Mepesi, yanalika upesi, majivu tele. Nikapita kwenye kibanda chake nyuma ya nyumba zetu kumlalamikia. Akasema nisimlaumu, kila mteja hapa mtaani Mbotela anamlilia hilo hilo.

"Makaa haya ni ya kwenu, Mama Kavinya," akasema. "Zamani lori ilikuwa moja kwa mwezi. Siku hizi ni mbili kwa wiki, na bado dereva anasema kumebaki mzigo huko."

Kwetu kumekauka, najua. Krismasi hatukwenda kwa sababu Kavinya wangu alishikwa na malaria. Nilimwandikia Baba kuuliza hali. Akajibu kwa mistari miwili: wazima, ng'ombe wapo.

Ijumaa, 17 Januari
Watu wa chakula cha msaada wamekuja ofisini kuomba hesabu za mifugo. Hawana zao, na wana haraka. Bwana Githinji akawapa nakala ya jedwali langu. Nikafurahi – kazi moja, faida mbili.

Halafu nikakosa raha. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 18 Januari
Sasa najua.

Asubuhi nikiwasha jiko nimekuta kipande kisichoiva, gome bado liko. Nikakigeuza. Nikakinusa. Mukau!

Nimekulia chini ya mti huo, siwezi kuukosea. Kwetu mwenye ng'ombe hakati mukau. Kiangazi, nyasi zikiisha, majani yake ndiyo yanayowavusha ng'ombe hadi mvua. Mtu atauza mlango wa nyumba kwanza. Anayekata mukau hana tena wa kumlisha.

Na lori ni mbili kwa wiki.

Hawakuwa wanaficha. Ng'ombe waliosalia walipelekwa joshoni, wakaandikwa, na mimi nikakaa kwenye kiti changu Nairobi nikawafufulia maiti. Naona aibu hata kuandika.

Jumatatu, 20 Januari
Nimemwambia Bwana Githinji yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, ni mtu mwema. Kisha akafungua droo akanionyesha orodha ya msaada. Tarafa yetu imeandikwa: *inajiweza kwa mifugo*. Orodha itapitiwa tena Aprili.

Aprili!

Nikamwambia kuhusu mukau. Akauliza kama nataka apeleke kipande cha kaa kwa wakubwa. Yeye ananiamini, akasema, ila karatasi inataka karatasi.

"Niletee hesabu kutoka kwa wenye ng'ombe wenyewe. Waliokufa, na majina ya wenyewe. Jumatatu ijayo asubuhi, kabla sijaingia mkutanoni."

Hesabu. Kwa watu wa kwetu! Nimempa dereva wa lori ya makaa barua ya kumwomba Baba hesabu hiyo.

Jumatano, 22 Januari
Hakuna jibu.

Ripoti yangu inasema gesi ya ng'ombe wa kwetu haijapungua. Imepungua, sana. Kinachopanda sasa ni moshi wa miti, na sehemu yake inatoka hapa, kwenye jiko langu, chini ya sufuria yangu. Jiko langu halina safu kwenye jedwali.

Jumamosi, 25 Januari
Baba amefika saa nne asubuhi. Amekuja juu ya magunia ya makaa, mweusi mpaka nyusi. Amekonda. Alibeba gunia dogo, hakutaka nimpokee. Alikula ugali polepole, akamsifu Kavinya kwamba amekua.

Nikapiga magoti nikamwambia: ni mimi, Baba. Niliongeza theluthi. Nilidhani mnaficha. Nilitamani anizabe lile kofi tena.

Akaniuliza kama bado nina kalamu.

Akafungua gunia. Kengele! Kengele za ng'ombe, zile za bati, kila moja na kamba yake ya ngozi. Akaweka moja mezani.

"Moja," akasema. "Andika."

Naandika huku yeye akiendelea, mara kwenye ukurasa huu, mara kwenye ule wa Bwana Githinji. Baba anahesabu. Kwa sauti, kwa kidole, mbele ya mtoto. Hanitazami. Ya kumi na moja ilikuwa ya yule mwekundu, wa ukoo wa ng'ombe aliyenilea kwa maziwa yake. Aliishika kidogo kabla ya kuiweka. Ya kumi na nne ndiyo ya mwisho ya bomani kwetu.

Nikafunika kalamu. Akaniambia niifunue. Gunia bado lina uzito. Amepita boma kwa boma kijiji kizima, kwa miguu, na wamempa wote.

"Ya Musau," anasema sasa. "Moja."