Turbo ya Kaka Salim

Jumapili, Januari

Haichoki tena. Ndivyo alivyopiga kelele kaka Salim kwenye video yake ya leo, amesimama na pikipiki yake ya theluji juu ya mlima huko Kanada.

Mimi ndiye niliyemshauri afunge turbo, nikijivunia uhandisi wangu. Kule juu hewa ni nyepesi, injini hukosa pumzi. Turbo huzungushwa na moshi wa injini yenyewe, ikashindilia hewa ndani, na nguvu ikabaki karibu ileile ya bondeni. Akaifunga mwezi uliopita.

Zamani injini ilimchokea katikati ya mlima, akageuza. Sikufikiria kwamba uchovu ule ndio uliokuwa ukimrudisha. Sasa anafika kwenye miteremko ambako theluji huporomoka ikafukia watu.

Nimempigia kumsihi aache kupanda huko. Akacheka. "Mwoga wee, tangu utotoni!"

Mama, hapa sebuleni Tottenham, anawatumia mashangazi video. "Mwanangu kamsaidia kaka yake," anawaambia. Sikuweza kumweleza.

Kabla ya kukata simu nikamuuliza Salim kesho anakwenda wapi.

"Juu zaidi, bibie."

Nikamwambia avae glavu.