Watoto Wanne Redioni

Tata,

Leo ni siku ya thelathini na nane tangu tukuzike, na bado nina hasira nawe. Acha niseme.

Siku moja kabla ya mazishi tulikaa jikoni kwa Mama, redio ya chuo imewashwa, tukingoja tangazo lako. Miaka kumi na tisa wewe ndiye uliyesoma matangazo ya vifo pale, na hukuwahi kumruka mtoto wa mtu. Ulipigia familia simu hata mara tatu kuhakikisha majina. "Sifa zinaweza kungoja," ulisema. "Mtoto asiyetajwa hasahau."

Basi mwanafunzi akasoma: baba mpendwa wa Moraa, Ombati, Nyaboke na Onchiri. Halafu wimbo. Wanne! Sisi ni watano. Mama aliendelea kumenya ndizi, hakuinua macho. Shangazi akanipoza, "Kerubo, labda muda uliwaishia." Muda gani? Jina langu ni sekunde moja.

Baada ya mazishi nilifunga duka langu la mabati pale Masimba, nikaenda chuoni kugombana. Yule mwanafunzi, maskini, alifungua droo. Akanipa karatasi aliyosomea. Mwandiko wako, Tata. Uliiandika ukiwa mgonjwa, ukaipeleka mwenyewe. Majina manne.

Nilikaa kwenye ngazi za studio mpaka kipindi cha maombi ya wagonjwa kikaisha. Sikusikia hata neno.

Mama ndiye aliyenieleza. Kaka zako walikuonya: huyu aliyekuja mgongoni mwa mama yake ulipomwoa, akitajwa redioni, kesho atadai shamba. Ukachagua mazishi yasiyo na vita. Mimi sikutaka hata mche mmoja wa chai. Nilitaka jina tu.

Lakini pia nakumbuka. Ulinifundisha kuzidisha tukichuma chai, mstari wa saba ni mara saba, nikikosea tunarudi mwanzo wa mstari. Na mbele ya watu hukuwahi kuniita mtoto wa mke wako. Hata mara moja. Ningekuwa nimehesabu.

Sasa pumzika, Tata. Sitawaomba warudie tangazo lako. Ila siku Mama akitwaliwa, orodha nitaandika mimi, watoto watano, niipeleke kwa mkono, nisimame nyuma ya kioo mpaka isomwe yote. Na zamu yangu ikifika, watakaposoma jina la baba yangu, litakuwa lako. Nitakuwa nimeliandika mwenyewe, mapema. Kaka zako wakiwa hai, wasikilize.

Binti yako,
Kerubo