Nyumba Isikutwe Tupu

Kwa Ami Bakri, Mombasa,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, na paka amezaa.

Ile mahakama maalumu ya ardhi hapa Kismayu inasema nyumba ikikutwa tupu ni ya aliyeikuta. Kwa hiyo bibi hatoki. Hata maziko ya dada yake kule kisiwani Ngumi hakwenda. Sasa wakili wetu anamtaka akatoe ushahidi mahakama ya kanda, huko nje ya nchi, kwamba hii mahakama ya ardhi haikuundwa kisheria.

"Na nyumba nimwachie paka?" aliuliza.

"Niachie mimi, bibi."

Alicheka, kisha akalia.

Leo ameondoka, atapitia kwako. Shule itanisubiri. Nimeketi kizingitini, nasoma masomo yangu kwa sauti ili wapitao wanisikie. Akifika, mwambie nyumba haiko tupu.

Mwanao,
Fathiya