Nimempigia Kura Mtoto wa Jirani, Mwanangu Anauliza Kwa Nini

Shangazi Nadine, pokea salamu zangu na unisaidie upesi, maana hapa nyumbani sasa hivi anayenisalimia kwa moyo mkunjufu ni mbwa peke yake. Naitwa Verlin Hostetler, wa Tilden Creek, na jina silifichi kwa sababu hata nikilificha, mtu yeyote wa kaunti hii akisoma mistari miwili atasema huyu ni refa. Nimechezesha mpira wa kikapu wa shule za sekondari zaidi ya miaka ishirini, na miaka yote hiyo nimeitwa kipofu, mwizi na bundi wa mchana, na sijawahi kubadilisha uamuzi kwa sababu ya kelele za watu.

Mwanangu ni Colby, bila shaka unamjua, yule mfungaji wa jezi nyekundu, na ng'ambo ya barabara yetu anakaa Renita Pruitt, muuguzi, pamoja na mwanawe Javion, yule wa jezi ya dhahabu, na watoto hawa wawili wamekulia kwenye kikapu kimoja, kile nilichokipigilia mimi mwenyewe ukutani mwa banda la trekta, wakicheza hata theluji ikiwa imewafika vifundoni, wakigombana, wakinuniana, kisha wanaingia jikoni kwangu na kumaliza sufuria nzima ya kuku na tambi kabla sijanawa mikono. Walipokwenda vyuo viwili visivyoiva chungu kimoja, mimi na Renita tulicheka, tukasema sasa barabara yetu imekuwa mpaka wa nchi. Kumbe tulikuwa tunacheka mapema.

Sasa wote wawili wanaingia kwenye uteuzi wa ligi ya kulipwa mwishoni mwa mwezi huu, timu zikichagua vijana mmoja mmoja kwa zamu, na wataalamu wote wanasema wa kwanza atakuwa yule jitu wa Texas, hilo halina ubishi, lakini wa pili ni mmoja wa hawa wawili na hakuna anayejua ni yupi, basi jimbo zima halili halilali bila kuwalinganisha, kwa kinyozi ni hilo, kanisani ni hilo, hata daktari wa meno aliniuliza mkono wake ukiwa bado mdomoni mwangu.

Unajua kila Juni wazima moto wetu wa kujitolea hukaanga samaki kituoni, na kama kuna jambo linalobishaniwa mjini, basi huwekwa mitungi miwili ya kioo juu ya meza na kila mtu mzima hupewa punje moja ya mahindi akaitumbukize anakotaka. Mwaka juzi ilikuwa habari ya daraja. Mwaka huu mtungi mmoja ulikuwa na picha ya Colby na mwingine picha ya Javion, na swali lilikuwa: ungekuwa wewe ndiye timu, ungemchukua nani?

Mimi nilishika foleni kama wengine, Shangazi, na nilipofika mezani nikafanya ninavyofanya siku zote, nikajiuliza nimeona nini. Colby ana mkono ambao sijauona kwa kijana mwingine. Mwachie nafasi ya upana wa mlango tu, mpira umeshaingia na wavu haujui nani kaugusa. Lakini Javion anauona mchezo kabla haujatokea, anajua pasi itakwenda wapi kabla ya yule anayeipiga, anawapanga wenzake kama mama anayewaandaa watoto kwenda kanisani, huyu simama hapa, wewe funga viatu, na mwenzake akikosea hamkunjii uso. Colby akikosa mara tatu mfululizo huinamisha kichwa, akarudi kukaba kwa miguu mizito. Tena ana uungwana uliopita kiasi: fainali ya kaunti, dakika za mwisho, mpira umetoka nje, mimi niko jukwaani kama mzazi, refa mwenzangu akaipa timu yake, naye Colby akanyoosha mkono juu akasema, "Hapana, mpira umenigusa mimi," wakapewa wapinzani na mechi ikaenda hivyo hivyo. Kocha wake alitafuna kofia. Basi nikayaweka yote hayo kwenye mizani, nikaitumbukiza punje yangu kwenye mtungi wa Javion.

Buddy Akers, yule mwenye duka la matairi, ndiye aliyekuwa na kipaza sauti. "Jamani eeh! Acheni samaki, njooni huku! Refa kampa mtoto wa jirani!"

Watu wakalipuka. "Refa, miwani umeisahau tena?" "Kikulacho ki nguoni mwako! Masikini Colby!" "Joelle, mama, mchunguze mumeo, kesho atahamia ng'ambo ya barabara!"

Renita alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Hakupoteza muda, akaitumbukiza punje yake kwenye mtungi wa Colby, akageuka, akacheka. "Kelele za nini nyie? Mimi na Verlin tumebadilishana watoto leo, wake kwangu, wangu kwake. Rudini mkale." Watu wakacheka kweli, wakaanza kurudi kwenye samaki wao, na jambo lingeishia pale pale. Lakini mimi, Shangazi, sijui ni shetani gani aliyenishika, nikasema, na kipaza sauti kiko wazi bado, "Hapana, hatukubadilishana. Mimi nimepiga nilivyoona."

Mke wangu alikuwa ameleta pai ya cheri. Aliibeba kama ilivyo, haijakatwa, akaondoka nayo kwa miguu mpaka nyumbani.

Jioni ile ile picha zilikuwa kwenye simu za watu wote. Colby, ambaye yuko chuoni akifanya mazoezi, aliniandikia, "Baba, ni kweli?" Nikamjibu ni kweli. Akaandika tena maneno mawili tu, "Kwa nini?" na hayo sijayajibu mpaka leo, kila nikianza nafuta. Javion naye amenipigia, sauti imemwishia. "Mzee Verlin, umeniponza," anasema. "Colby hapokei simu yangu. Tangu tukiwa watoto hajawahi kuacha kupokea simu yangu."

Na hapa ndipo maji yanapozidi unga. Usiku wa uteuzi kila kijana aliyealikwa huwa na meza yake ukumbini, anakaa na familia yake mbele ya kamera mpaka jina lake liitwe. Colby amemwambia mama yake kwamba kiti chake yeye kipo, changu bado anakifikiria. Joelle anasema dawa ni rahisi. "Mwambie hukuvaa miwani, uliichanganya mitungi. Basi. Miaka ishirini watu wanakuita kipofu, ukubali mara moja tu kwa ajili ya mwanao!" Nikamwambia msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Akanijibu, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe ni refa tu."

Shangazi, hilo neno nalala nalo, naamka nalo. Nampenda mtoto wangu kuliko pumzi yangu, lakini ile kura nikiulizwa tena leo nitaipiga vile vile. Je, nidanganye ili nipate kiti, au niseme kweli nikamwangalie mwanangu kwenye televisheni?

Verlin Hostetler, Tilden Creek

SHANGAZI NADINE ANAJIBU

Verlin, barua yako nimeipitisha mbele ya mama mwenye ugomvi na wakwe na binti aliyechumbiwa na wawili, kwa sababu wao wanaweza kungoja na wewe huwezi. Nimeisoma mara mbili, nikacheka, halafu nikavua miwani yangu nikafuta macho. Mimi niliolewa na kocha kwa miaka thelathini na moja, Mungu amrehemu. Aina yenu naijua. Mtu anaweza kula chakula cha jioni nanyi akainuka mezani akijua takwimu zote na hajui kama mmeshiba.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Kwa ile punje sikugombezi. Umeulizwa ulichoona, ukasema ulichoona. Ila kwa taarifa yako umekosea, mimi ningempa Colby bila kupepesa macho, kwa sababu kuuona mchezo kijana hufundishwa na umri, na kichwa kinachoinama kocha mzuri hukiinua, lakini mkono ule mtu huzaliwa nao au haupati kabisa. Haya, usiniandikie barua nyingine kunibishia. Si hilo lililokuleta.

Ninalokugombeza ni la baadaye. Renita Pruitt, mwanamke mwenye akili kuliko foleni nzima, alikutupia kamba ukiwa unazama, na wewe ukatoa kisu ukaikata! Nani alikuuliza? Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, sawa, lakini sidhani kama ni Mungu aliyekuagiza ukaiseme kwenye kipaza sauti cha Buddy Akers, mwana hayupo, mkeo kasimama na pai mkononi. Mechi ilikuwa imekwisha, refa. Watu walikuwa wanarudi kula.

Sasa habari ya miwani. Usithubutu. Joelle, kama unasoma, na najua unasoma, nisamehe dada, nakuelewa, lakini hapana. Colby amekulia nyumba moja na mtu huyu, anajua baba yake anasoma namba ya gari toka upande wa pili wa shamba. Hataamini. Na akiamini ndiyo mbaya zaidi. Kijana huyu mwaka mzima amezungukwa na watu wanaomsifu kwa sababu wana cha kuuza. Ni mtu mmoja tu duniani ambaye akimwambia "umecheza vizuri" anajua kweli amecheza vizuri. Siku utakapomwambia hukuona vizuri, na zile sifa zote ulizowahi kumpa zitakuwa za kipofu. Unataka kumnyang'anya sifa hizo, wiki mbili tu kabla ya uteuzi?

Lakini Verlin, soma tena barua yako mwenyewe. Javion umempamba mpaka nikatamani kumpikia. Wa kwako umemsifia mkono, kisha ukamworodheshea makosa, na kosa mojawapo ni kwamba alinyoosha mkono mbele ya ukumbi uliofurika akasema mpira umenigusa mimi, akapoteza fainali. Umeliandika kama kasoro! Aliyajifunza wapi hayo, kwenye chuo cha jezi nyekundu? Mtoto wa refa amefanya alichoona baba yake anafanya maisha yake yote, na baba mtu anasimulia kofia ya kocha. Wewe ulijisikiaje siku ile, ukiwa pale jukwaani? Hukuandika. Nadhani ulitoka nje, ukaingia kwenye gari lako, ukalia kwa fahari, na kijana hajui mpaka leo.

Basi ndiyo maana umeshindwa kujibu maneno mawili. Unadhani anauliza kwa nini Javion. Hana haja ya kuuliza hilo, amecheza na Javion tangu hawajaweza kuufikisha mpira kwenye kikapu, anamjua kuliko wewe. Anauliza kama baba yake anapomtazama huwa anamwona mwanawe au anaona mchezaji wa jezi namba kumi na nne.

Fanya hivi, na ufanye leo. Gazeti hili huingia Tilden Creek kabla ya kifungua kinywa, kwa hiyo kisingizio huna. Anza na Joelle. Mwambie samahani kwa kumwaibisha, na katika samahani hiyo nisisikie neno "lakini". Kisha piga simu kwa Javion, mwambie hana kosa lolote, avumilie, Colby atapokea. Halafu panda gari uende chuoni. Usimwandikie Colby ujumbe, ushaharibu karibu kila kitu kwa maneno machache, usijaribu tena. Ukifika, usilinganishe. Sitaki kusikia jina la Javion, wala pasi, wala ukabaji. Mwambie kura ulipiga ulivyoona na hutaikana, maana akikusikia unaikana hatakuamini kwa litakalofuata. Umwombe radhi kwa lile ulilolisema kwenye kipaza sauti. Msimulie ile fainali ilivyokuwa kwako, machozi na yote.

Kiti usikiombe. Ni meza yake, akukaribishe mwenyewe. Akikukatalia, piga pasi shati lako zuri uende ukumbi wa shule, ambako mji mzima utautazama uteuzi kwenye televisheni, ukae katikati ya wale wale waliokucheka, na jina la mwanao likiitwa, la pili au la tatu au la kumi, uwe wa kwanza kusimama.

Na kabla hujaondoka pale chuoni, mwambie jambo moja ambalo timu zote zile na wapimaji wao wa vipaji hawawezi kumwambia. Wao wana vijana wengi mezani, ni lazima wachague. Wewe hukuwahi kumchagua Colby. Hakukuwa na mitungi miwili. Ulipewa mmoja, ukiwa hujui kama ataweza hata kutembea, na ukamchukua ukarudi naye nyumbani unacheka njia nzima.