Mshale wa Petroli

Matinyani, Agosti 1984

Kwako Baba, huko Mombasa,

Sisi hatujambo. Mvua bado, ila yule mbuzi mwekundu amezaa.

Gari lako liko pale pale nyuma ya ghala, na betri hatujaiacha ife. Kila Jumapili tukitoka kanisani Mama huketi ndani, huwasha swichi, na mshale wa petroli hupanda polepole hadi mwisho. "Baba yako aliacha tangi limejaa, Wamucii," husema. "Mtu anayekwenda asirudi tena haachi mafuta yote haya." Kisha tunatazama mbele, kama tunasafiri.

Likizo hii nilisoma kwamba regulata ya mita, kile kifaa kinachopunguza umeme wa dashibodi, ikiharibika, mishale hupanda tu, hata tangi likiwa tupu. Nikatengeneza nyingine kwa vipuri vya redio mbovu, nikaifunga nyuma ya dashibodi Mama akiwa sokoni. Nilipowasha, mshale ulitikisika kidogo, ukalala chini kabisa. Nikatumbukiza kijiti kwenye tangi. Kilitoka kikavu.

Nimerudisha ile regulata mbovu. Jana mshale ulipanda, Mama akatabasamu.

Yangu nimeificha sandukuni, ndani ya soksi ya shule. Inafanya kazi vizuri, Baba. Nitaifunga siku utakayokuja na petroli.

Binti yako,
Wamucii